Ustadi wa Kuchagua Shokapu

Arusha ni mji ambao gari la miaka thelathini bado lina ajira. Land Cruiser za mfululizo wa 80, zilizoanza kuuzwa mwaka 1990 na ambazo Watanzania walizizoea kama mashangingi ya wakubwa, leo ziko mikononi mwa watu wa kila aina: mkulima wa kahawa wa Karatu, mfanyabiashara anayepeleka bidhaa Loliondo, familia inayopanda Moshi kila Krismasi. Injini zake za dizeli za lita 4.2 bado zinavuta. Kinachotangulia kuchoka ni miguu, na katika miguu kinachochoka kimyakimya ni shokapu.

Kuzibadilisha si kazi ngumu. Kijana mwenye jeki, spana na nguvu za mikono huzimaliza zote nne kabla ya chakula cha mchana. Kuzichagua ndiko kugumu, na huko ndiko ninakotaka tukae leo, kwa sababu nimemwona fundi mmoja wa mji huu akiifanya kazi hiyo kwa utulivu ambao ningependa kila mwenye gari la zamani aushuhudie. Wengi wetu tunaingia dukani, tunataja jina la gari, tunapewa boksi. Kwa fundi huyu boksi huja mwisho kabisa.

Kwanza niseme shokapu inafanya nini, maana kuna jambo linalowapotosha hata madereva wazoefu. Shokapu haibebi gari. Kinachobeba ni springi. Gari likiinama nyuma baada ya kupakiwa, kosa si la shokapu, na ukibadilisha hata seti kumi gari litaendelea kuinama vilevile. Springi ikishabonyezwa hutaka kurudi, ikirudi hupitiliza, ikishapitiliza hurudi tena. Ingeachwa peke yake, gari lingenesanesa njia nzima kwa ajili ya tuta moja. Shokapu ndiyo inayoiambia springi basi.

Inaiambia kwa njia ya mafuta. Ndani ya bomba la chuma mna pistoni yenye vitundu vidogo, na vitundu vimefunikwa kwa visahani vyembamba vya chuma. Gurudumu likipanda au kushuka, pistoni husukumwa ndani ya mafuta na mafuta hulazimika kupenya vile vitundu kwa shida. Shida hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mwendo wa gurudumu unageuka joto, na joto linatoka kupitia ukuta wa bomba na kupotelea hewani. Kwa kawaida upande wa kurefuka hufanywa mgumu kuliko upande wa kufupika, kwa sababu gurudumu linapokutana na jiwe linatakiwa lipande upesi, ila springi iliyokwisha kukazika inapofunguka haitakiwi iachiwe ifunguke itakavyo.

Sasa ipeleke shokapu hiyo kwenye barabara ya Ngorongoro. Lami inaishia lango la Loduare. Unapanda kwa changarawe hadi ukingo wa kreta, kisha unateremka upande wa pili kuelekea njiapanda ya Olduvai na lango la Naabi. Kule chini kwenye tambarare, hasa msimu wa kiangazi na magari yakiwa mengi, barabara hujikunja mawimbi kama bati la kuezekea. Tuseme mawimbi hayo yameachana sentimita 75. Kwa mwendo wa kilometa 50 kwa saa, ambao ndio ukomo ndani ya Hifadhi ya Serengeti, kila gurudumu hupigwa mara 18 hivi kwa sekunde moja, zaidi ya mara 1,000 kwa dakika. Kila pigo ni joto jingine. Mafuta yakipata moto hulainika, na yakichanganyika na hewa hufanya povu, na povu likipita kwenye kitundu halizuii chochote. Dereva huhisi usukani umekuwa mwepesi na mkia wa gari unataka kwenda zake kwenye kona. Hulaumu barabara. Akipumzika nusu saa Naabi, mafuta yakapoa, gari hurudia hali yake, naye husahau.

Fundi wangu hasahau. Mteja akimletea gari lenye malalamiko ya namna hiyo, hamruhusu alizime na kuliacha. Humwomba alipeleke barabara ya vumbi kwa robo saa na kulirudisha mara moja. Likifika tu, huinama na kugusa kila shokapu kwa mgongo wa mkono, kwa tahadhari, maana inaweza kuunguza. Shokapu iliyofanya kazi ina joto. Iliyobaki baridi wakati wenzake wamepata moto haifanyi lolote, hata kama nje inang'aa na haina tone la mafuta. Nimeuona mtihani huu ukimaliza ubishi uliokwisha kula siku nzima kwenye karakana nyingine, na hauhitaji kifaa chochote zaidi ya ngozi ya mkono.

Dalili nyingine huzisoma hivyohivyo, kwa subira. Unyevu kidogo wenye vumbi karibu na sili haumtishi. Shokapu nyingi hutoa jasho hilo na bado ni nzima. Mafuta yaliyochuruzika hadi kwenye jicho la chini, pale shokapu inapofungwa kwa bolti, hayo ni mengine. Hupitisha kiganja cha mkono juu ya tairi, mbele na nyuma, kutafuta vibonde vinavyofuatana kwenye kashata za tairi, kwani gurudumu linalorukaruka huliwa kwa mabaka. Ile desturi ya kuegemea bampa na kuhesabu gari limenesa mara ngapi haiamini sana kwa gari lenye zaidi ya tani mbili. Uzito wa mtu ni mdogo mno kulisumbua, na shokapu iliyochoka nusu hupita mtihani huo bila shida.

Siku niliyokaa kumtazama kwa makini alikuwa na mteja kijana, mwenye gari alilorithi kwa baba yake.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Gari linalala wapi?"

Kijana hakuelewa. Akasema linalala nyumbani, Njiro. Mzee akatabasamu, akauliza tena taratibu: siku nyingi za mwaka linatembea wapi, limebeba nini, nani analiendesha. Kijana akajibu kwamba anataka kuanza kupeleka watalii Ndutu na Ziwa Natron, na kwamba amesikia dawa ya barabara zile ni shokapu ngumu kuliko zote zilizopo dukani.

"Ngumu kwa springi ipi?" mzee akauliza.

Swali hilo fupi ndilo lenye elimu yote ya kazi hii. Shokapu haina ugumu ulio sahihi peke yake. Ugumu wake unapimwa kwa springi iliyo kando yake. Springi ngumu yenye shokapu laini hurusha gari, kwa sababu hakuna wa kuizuia inapofunguka. Hilo watu wengi wanalijua. Wasilolijua ni upande wa pili, nao kwa barabara ya mawimbi ni mbaya zaidi. Shokapu ngumu kupita kiasi huchelewesha springi kurefuka. Wimbi la pili linafika kabla springi haijarudi mahali pake, la tatu linaikuta chini zaidi, na gari linajishusha kidogokidogo hadi ekseli inakaribia kugota kwenye raba ya chesisi. Hapo abiria wanapigwa migongo, na mwenye gari anaamini anahitaji shokapu ngumu zaidi.

Mzee akavuta kipande cha boksi la spea, akachomoa kalamu sikioni. Akaanza kuandika uzito katika safu mbili. Safu ya kwanza aliiita mzigo wa kudumu: vitu visivyoshuka kwenye gari hata likiwa limeegeshwa. Bampa la chuma mbele. Keria ya chuma juu. Tairi la pili la akiba. Tenki la ziada la lita 90, ambalo likijaa dizeli ni kilo 75 hivi, bila kuhesabu chuma cha tenki lenyewe. Friji na betri yake. Safu ya pili ni mzigo wa safari: abiria watano, mabegi, maji ya kunywa, mahema. Kijana alitaka kujumlisha zote pamoja. Mzee akamkatalia. Springi, alisema, huchaguliwa kwa mzigo wa kudumu na sehemu tu ya mzigo wa safari, kwa sababu gari lenye springi ya mzigo mzima litarudi tupu kutoka Natron likiruka kama mbuzi, na dereva atakayekuwa peke yake ndiye atakayelipa kwa kiuno chake.

Baada ya kalamu, tepu. Alipima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kona zote nne, gari likiwa limesimama kwenye saruji iliyolala sawa. Upande wa dereva ulikuwa chini kuliko wa abiria. Ni kawaida kwa magari haya, maana miaka yote hiyo dereva amekuwa ndani hata abiria wasipokuwepo, na springi huchoka kwa kumbukumbu ya mzigo wake. Kwa hiyo uamuzi wa kwanza haukuwa wa shokapu: springi za nyuma zibadilishwe. Angeanza na shokapu angeziweka juu ya msingi uliokwisha kutitia.

Kisha akaingia chini ya gari kwa kazi ninayoipenda kuliko zote. Kila shokapu ina urefu wa aina mbili, inaponyooka kabisa na inapofungwa kabisa, na gari nalo lina mahitaji yake mawili. Shokapu ikiwa ndefu mno, siku ekseli itakapopanda hadi mwisho, pistoni itagonga chini ya bomba kabla raba ya kugota haijapokea pigo, na itapasua valvu au kung'oa kishikio. Ikiwa fupi mno, gurudumu likining'inia shimoni shokapu ndiyo itakayolibeba, kazi ambayo haikuumbiwa. Mzee alipima kutoka kishikio cha juu hadi cha chini gari likiwa limesimama: sentimita 52. Akapima nafasi iliyopo kati ya ekseli na raba ya kugota: 11. Akaongeza 3 kwa ajili ya raba yenyewe, kwa kuwa hubonyea inapopigwa kwa nguvu. Aliyobakiwa nayo ni 38, na kwa sababu shokapu haisimami wima kabisa chini ya gari akajiwekea akiba kidogo. Shokapu yoyote ambayo ikifungwa inazidi hapo haitaingia kwenye gari hili, iwe ya kampuni gani. Halafu akapandisha chesisi kwa jeki, akaiacha ekseli ining'inie, akapima upande wa pili. Namba zote alizirudia na kuziandika kwenye lile boksi.

Kijana alitaka pia gari linyanyuliwe, kama wafanyavyo wengi. Mzee hakumkatalia ila alimweleza gharama zake. Ekseli ya mbele ya 80 ni moja nzima kutoka gurudumu hadi gurudumu, imeshikwa na mikono miwili mirefu inayorudi nyuma kwenye chesisi. Ukinyanyua gari sentimita 5, mikono hiyo hushuka pembe na ekseli hujizungusha kidogo, hivyo usukani hupoteza ile tabia ya kurudi katikati wenyewe. Gari huanza kutangatanga kwenye lami ya Makuyuni. Mwenye gari hudhani shokapu mpya ni mbovu, hurudi kugombana na muuza duka, kumbe kinachotakiwa ni bushi maalumu za mikono hiyo ili kuirudisha pembe. Walikubaliana gari libaki urefu wake wa kiwandani.

Hapo ndipo ilipofika zamu ya majina ya kampuni, na kwa kuwa msomaji huenda anayasubiri, nitasema nionavyo.

Shokapu nyingi mjini ni za mabomba mawili: bomba la ndani lenye pistoni, la nje la kuhifadhia mafuta, na gesi ya naitrojeni yenye mgandamizo mdogo ili mafuta yasifanye povu upesi. KYB na Tokico za Japani, ambazo hutengenezea pia viwanda vya magari, ndizo za kawaida. Kwa 80 isiyo na mzigo wa kudumu, inayokwenda kazini na sokoni na kupanda Moshi mwezi wa Desemba, sioni sababu ya kutafuta zaidi ya hapo. Ni laini, ni tulivu, na zinaendana na springi ambazo gari lilizaliwa nazo. Monroe nazo ziko katika kundi hilo.

Kundi la pili ni za mabomba mawili zilizonenepeshwa kwa ajili ya mizigo na barabara mbovu. Waaustralia wamebobea huku, na si ajabu, maana bara lao lina changarawe isiyokwisha kama yetu. Old Man Emu, iliyo chini ya kampuni ya ARB ya Melbourne, huuza springi na shokapu kama ndugu waliolelewa pamoja, na springi zao zimepangwa kwa uzito ambao mteja amebeba. Ndiyo maana fundi aliyekwisha andika safu zake mbili kwenye boksi husoma orodha yao kwa raha. Koni ya Uholanzi inajulikana kwa shokapu zinazoweza kurekebishwa ugumu wa kurudi kadiri springi zinavyobadilika au kuchoka. Ni mali ya kudumu kwa mtu atakayekaa na gari miaka mingi.

Kundi la tatu ni za bomba moja. Mfaransa Christian Bourcier de Carbon ndiye aliyebuni mtindo huu, na Bilstein ya Ujerumani ikauingiza kwenye magari ya Mercedes-Benz mwaka 1957. Humo gesi ya mgandamizo mkubwa imetengwa na mafuta kwa pistoni ya pili inayoelea, kwa hiyo povu halipati nafasi, na kwa kuwa mafuta yanagusa ukuta wa nje moja kwa moja, joto hutoka haraka. Kwa ile hesabu ya mapigo 1,000 kwa dakika, hakuna kinachozipita kwa usawa wa bei. Zina udhaifu mmoja ambao fundi wa kwetu hauchukulii kirahisi: jiwe likirushwa na tairi na kulibonyeza bomba, pistoni hukwama pale pale, maana bomba ndilo njia yake. Shokapu ya mabomba mawili ikibonyezwa nje huweza kuendelea na safari. Anayepita mapito ya mawe ya Natron kila wiki alifikirie hilo.

Na za mtumba, zinazoshushwa na makontena kutoka Dubai na Sharjah? Difu ya mtumba nitanunua. Springi nitanunua nikiipima kwanza. Shokapu hapana. Sili yake ni mpira uliozeeka mahali usipopajua, mafuta yake hayaonekani, na rangi mpya haizuii kitu. Fedha utakayookoa utaila kwenye tairi.

Kijana alichaguliwa za kundi la pili, za kiwango cha kati, si zile ngumu alizozitaka. Walikwenda dukani wote wawili, nami nikafuata. Muuzaji alitoa boksi. Mzee alitoa tepu. Alipima urefu wa kufungwa na wa kunyooka akalinganisha na kipande chake cha boksi. Akatazama mahali jicho lilipochomelewa, akitafuta ule mstari wa uchomeleaji ulio sawa bila matone. Akageuza mti wa kromu kwenye mwanga kutafuta mkwaruzo, kwani mkwaruzo mmoja usioonekana kwa haraka huikata sili kila ukipita. Akasoma maandishi yaliyogongwa kwenye bomba, si yaliyobandikwa tu, akayalinganisha na ya boksi, kwa sababu bidhaa bandia mara nyingi hukosea hapo.

Kisha akaisimamisha shokapu wima sakafuni na kuikandamiza kwa kiganja. Mara ya kwanza ilishuka kwa ulegevu, karibu bila ubishi, kisha ikashika. Kijana alishtuka, akadhani ni mbovu. Si mbovu. Shokapu ya mabomba mawili iliyolazwa kwenye rafu miezi mingi huwa na hewa iliyoingia bomba la ndani, na hewa hiyo hutoka ikisukumwa wima. Mzee aliibonyeza na kuivuta taratibu mara kadhaa, ule ulegevu ukapungua, ukaisha, na mkono ukawa unapata ukinzani uleule kutoka juu hadi chini. Aliiacha ipande yenyewe kwa nguvu ya gesi, akiwa ameinamisha kichwa kusikiliza. Sauti iliyotakiwa ni mnong'ono wa mafuta tu. Ya tatu kati ya nne ilikuwa na mgongano mdogo katikati ya mwendo, ambao mimi niliusikia baada ya kuonyeshwa. Ilirudishwa, ikaletwa nyingine.

Kufunga sitakusimulia kote, ila mambo mawili yanastahili kuonwa kwa karibu. Shokapu za mbele za 80 juu zina mti wenye uzi, unaopita katikati ya raba mbili na washa zenye umbo la kikombe. Wafungaji wenye haraka hukaza nati hadi isisogee tena. Mzee alikaza huku akiitazama raba ikivimba, na ilipofika ukingo wa washa akaacha. Ikipita hapo raba hupasuka ndani ya miezi michache, isipofika, itagonga. Na mti ulipotaka kuzunguka pamoja na nati, hakuushika kromu kwa koleo. Aliushika kwa ile ncha ya juu iliyochongwa kwa ajili ya spana.

Jambo la pili ni macho ya chini. Bolti zake alizifunga kwa mkono tu gari likiwa hewani, akalishusha, akalitikisa likae juu ya magurudumu yake, ndipo akazikaza kikamilifu. Bushi ya mpira iliyokazwa gari likiwa limening'inia huwa imeshika mahali pasipo pake. Gari likishushwa, mpira husokotwa na kubaki umesokotwa siku zote za uhai wake, ambazo hazitakuwa nyingi. Dakika tano za kushusha gari kabla ya kukaza ndizo hutofautisha kazi ya mwaka mmoja na ya miaka mitano, na hakuna mteja atakayejua kama zilitumika au la.

Gari lilipotoka mzee alikaa kiti cha nyuma. Alisema mbele dereva huusikiliza usukani, nyuma ndiko unakosikia shokapu. Walivuka matuta ya mtaani, wakaingia barabara ya vumbi, wakarudi, akashuka na kugusa zote nne. Zilikuwa na joto, za kulia na za kushoto sawasawa. Alimwambia kijana akiingia kwenye mawimbi apunguze upepo wa tairi kidogo, aujaze tena akirudi kwenye lami, na baada ya safari ya kwanza ya Natron alete gari nati zikazwe upya, kwa sababu raba mpya hulala.

Ilipofika hesabu, karatasi ilikuwa na springi, shokapu, na ufundi wa kufunga. Saa mbili za kalamu, tepu na kusikiliza hazikuandikwa, na katika karakana nyingi za Arusha, za Gerezani jijini Dar es Salaam au za Kirinyaga Road jijini Nairobi haziandikwi. Mafundi wengi wamejifunza kwamba kupima hakulipi, hivyo wanaacha kupima, nasi tunaendelea kuuziwa maboksi. Ukimpata fundi anayekuuliza gari linalala wapi kabla ya kukutajia bei, mjibu kwa ukweli, mpe muda wake, na ukifika wakati wa kulipa mwambie aandike na saa za kupima kwenye risiti, uzilipe.